Fundo la Sukari

Mkuu wa ghala la misaada, ambaye wote walimwita Bwana Utaratibu, alikuwa na adui mmoja duniani: fundo la Dada Mkubwa. Dada Mkubwa ndiye aliyefunga magunia, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa, na gunia lililopita mikononi mwake halikufunguka ila kwa kisu.

"Yamerudi yamekatwa midomo tena!" Bwana Utaratibu alifoka. "Magunia mapya hayapatikani, dada yangu. Safari ijayo nipakie unga kwenye mifuko ya suruali yangu?"

"Bosi, unga ukimwagika njiani utamlaumu nani? Fundo langu halimwagi."

Fundo lilikuwa la marehemu mama yake, alilolibuni ili watoto wasidokoe sukari. Lilimshinda kila mtu nyumbani, baba akiwemo, isipokuwa kitindamimba, aliyelifungua akiwa na miaka sita, kisha akamfundisha dada yake, huyu Dada Mkubwa, kwa sharti wagawane nusu kwa nusu. Tangu siku hiyo dada yake alimwita Mwizi. Sasa walibaki wao wawili tu waliolijua.

Mwizi alikua, akaolewa na mtu wa ile dini ndogo ya milimani, akaishika kwa moyo wote. Vita vilipoanza, waumini wake walifukuzwa majumbani, wakakimbilia ng'ambo ya mto, ndani ya shule isiyo na madirisha. Simu zikakatika. Kwa usalama wao orodha za misaada hazikutaja majina, idadi tu, na dereva wa lori aliishia darajani. Miezi minne Dada Mkubwa hakujua kama mdogo wake yu hai. Ndiyo maana alifunga kila gunia kwa fundo la mama, na kila yaliporudi yamekatwa, alitaniana na bosi, kisha akaenda kulia chooni.

Asubuhi moja lori lilirudi na magunia matupu yaliyoviringishwa pamoja.

"Wameongezeka watu ishirini kule shuleni," dereva alisema. "Walikuwa wamejificha porini muda wote huo."

Bwana Utaratibu aliyapekua magunia, akaihesabu midomo iliyojitokeza kwenye ncha ya mzigo, asiamini macho yake. "Hakuna hata moja lililokatwa!" Kisha akaiona kamba iliyofunga mzigo. "Loo! Na wao wameuiga upuuzi huu." Akachomoa kisu.

"Usikate!"

Dada Mkubwa alikurupuka, akaukalia mzigo mzima mzima. Akasukuma kamba ya kulia, akavuta ya kushoto, fundo likalegea lenyewe.

"Ni Mwizi! Mdogo wangu yu hai!"

Akapiga vigelegele mpaka wapakiaji wakaacha mizigo. Alimkumbatia dereva, akamkumbatia Bwana Utaratibu na kisu chake, akacheka na kulia kwa pamoja, na safari hii hakwenda chooni.

"Nataka kumpelekea sukari," alisema alipopata pumzi.

"Sukari haimo kwenye orodha," alijibu Bwana Utaratibu huku akijifuta macho. Akaingia ofisini, akatoka na kopo la sukari yake ya chai, ambayo hakuwahi kumwonjesha mtu, akaimimina yote ndani ya mfuko.

Dada Mkubwa akaufunga kwa fundo la mama.

"Kaza vizuri," bosi alisema. "Asije akaufungua mtu mwingine."