Elias Anajibu Vizuri

Teksi ilikwisha kuliacha geti la madam aliyemwajiri huko Al Twar, Dubai, madam mwenyewe akipiga kelele nyuma, ndipo Marietha alipogundua hajavua aproni. Hakujali. Miadi ya mdogo wake Elias hospitalini ilikuwa kesho, na kesho ndiyo siku aliyoombea ruhusa. Hospitali ikaisogeza hadi leo kwa ujumbe wa Kiingereza kwenye simu ya Elias, na Elias hajui kusoma. Aliyeusoma ni msimamizi wake, akampakia kwenye gari la kampuni, wakaenda, habari ikamfikia Marietha wakiwa njiani.

Elias alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na moja, mabega mapana, anafagia ngazi za maghorofa kule Discovery Gardens. Ila akili yake hukawia. Jambo moja ataelewa, ukilisema taratibu na kumwonyesha kwa mkono. Ukimpa matatu kwa mpigo, anatabasamu tu. Sasa mguu ulikuwa na kidonda kibaya, na kidonda hicho huenda kikataka sindano. Hapo ndipo roho ya Marietha iliponing'inia. Utotoni, Karagwe, Elias alichomwa penisilini, koo likavimba, akawa rangi ya majivu, watu wakaanza kumlilia angali hai.

Akampigia msimamizi, Mkenya aitwaye Hesbon.

"Kaka Hesbon, wameshamchoma?"

"Bado, siz. Tulia. Nesi anamuuliza maswali na jamaa anajibu fiti kabisa! Kila kitu ni yes madam, yes madam. Hata mimi ananishinda."

Marietha ndiye aliyemfundisha kujibu hivyo. Wiki ile Elias aliposhuka Dubai alimkalisha kitandani akamwambia: hapa bosi akikuuliza kitu usibabaike, sema yes sir, yes madam, tabasamu, kazi haitapotea. Na kweli, kazi haikupotea.

"Mwambie asimchome! Mpe simu nesi!"

"Nimetolewa nje, dadangu. Wamefunga pazia."

Magari yakasimama barabara nzima. "Yalla, baba, yalla!" Marietha akamlilia dereva aharakishe. Dereva akainua mikono: sasa aruke? Marietha akafungua mlango, akakimbia kipande kilichobaki, na kila alipofumba macho aliona shingo ya mdogo wake ikijaa.

Alipovuta pazia, mkono wa shati la Elias ulikuwa umeshakunjwa. Nesi, Mganda aliyeitwa Joweria, alishika sindano.

"Sista, usimchome! Penisilini itamuua!"

"Wewe ni nani? Nimemuuliza mara tatu kama penisilini ni sawa kwake. Amesema yes, yes, yes."

"Muulize kama yeye ni ngamia."

Joweria akamkazia macho aone kama anataniwa. Kisha akamuuliza Elias, kwa Kiingereza kilekile, kama yeye ni ngamia.

"Yes, madam," Elias akasema, na tabasamu lake.

Hakuna aliyecheka. Joweria akaiweka sindano kwenye sinia. Akavuta kiti, akakaa chini kuliko Elias, akamwonyesha sindano nyingine, tupu. Akatumia Kiswahili chake cha Kampala. "Hii, zamani, ilikufanya nini? Nionyeshe."

Elias akamtazama dada yake, akiogopa kukosea.

"Muonyeshe, mdogo wangu. Huyu si bosi."

Akajikaba koo kwa mikono miwili, akatoa macho, akaanza kulia.

Hiyo ilikuwa mwaka 2014. Elias alipewa dawa ya aina nyingine, kidonda kikafunga baada ya wiki tano. Mwaka 2017 mkataba uliisha, akarudi Karagwe, analima migomba ya mjomba wao. Marietha alifukuzwa na madam jioni ileile. Akapata nyumba nyingine baada ya miezi miwili. Hesbon alihamia Doha. Joweria aliwaandikia wakubwa wake, wakakaa mwaka mzima bila kujibu, kisha wakakubali kadi za picha za kuwauliza wagonjwa kama Elias, na ujumbe wa miadi ukaanza kwenda kwa ndugu pia. Yeye aliendelea palepale, zamu ya asubuhi.