Mita Sitini Kuzunguka Chemchemi

Agosti ile kijito cha Kanyinya kilikauka. Kupungua tulishakuzoea. Kila kiangazi maji yalishuka hadi kifundoni, wanawake wakachota kwa kikombe badala ya kuzamisha ndoo, na maisha yakaendelea. Lakini asubuhi hiyo mke wangu Jovina alirudi na dumu tupu, akaliweka mlangoni, akaniambia, "Baba Dativa, maji hakuna. Kuna tope na chura."

Tunakaa Bugasha, wilaya ya Muleba, kwenye mlima wa migomba na kahawa. Kijito kinatoka kwenye chemchemi iliyo juu ya kibanja cha baba yangu, kinashuka bondeni kati ya vitongoji viwili, kisha kinakwenda ziwani. Mimi nilikuwa na matuta ya kabichi ukingoni kabisa, hatua tatu kutoka kwenye maji. Sikuwa peke yangu. Bonde lote lilikuwa kabichi na nyanya za watu, na kila mwaka kila mtu alisogeza tuta lake kidogo.

Jovina hakufoka. Alikunywa uji wake, akachukua panga, akaenda kumtafuta Muharami.

Muharami ni fundi wa maji. Ni mtu wa Bukoba mjini, mzaliwa wa Kahororo. Alikuja kwetu zamani kutengeneza pampu ya zahanati, akaoa hapa, akabaki. Wawili hao waliamua kukifuata kijito hadi kinakoanzia. Nami nikawafuata, kwa sababu sikupenda mke wangu aonekane akizunguka porini na fundi. Nakiri hivyo.

Kule juu kuna bomba fupi la chuma lililopachikwa kwenye jiwe tangu nikiwa mtoto. Lilikuwa linadondosha tu. Muharami akatega ndoo ya lita ishirini, akatazama saa yake. Tukasubiri. Nilimaliza kutafuna muwa mzima, ndoo haijajaa. Ilichukua dakika kumi na tisa.

"Nilipokuja hapa mara ya kwanza," Muharami alisema, "ilijaa kwa dakika mbili."

Jovina hakuwa anatazama ndoo. Alikuwa ameinua uso anatazama mikaratusi. Ilikuwa mirefu, imenyooka, imeizunguka chemchemi pande zote, na chini yake hakuna hata jani moja la kijani. Miti hiyo ilikuwa ya baba. Aliipanda kwa ajili ya nguzo za kujengea na kuuza, baada ya kahawa yetu kunyauka kwa ugonjwa, wakati watu wengi hapa walikuwa hawajui wapande nini.

"Hii ndiyo inayomaliza maji," Jovina alisema.

"Nyamaza," nikamwambia. "Hiyo ni miti ya mzee."

"Najua ni ya nani."

Muharami akatueleza kwamba sheria inataka mita sitini kuzunguka chanzo cha maji ziachwe, kusilimwe wala kusipandwe miti ya namna ile. "Na kando ya kijito ni vivyo hivyo," akaongeza. "Kabichi nazo zimo." Hakunitazama aliposema hivyo, nami nikamshukuru kimoyomoyo.

Jioni Jovina alikwenda kwa baba. Mzee, ambaye wanakijiji walimwita Ta Rugaibula na Jovina akamwita Tata, alikuwa na miaka themanini na miwili wakati huo. Miguu ilishamkataa, akawa anashinda barazani, na kila mpita njia alilazimika kutoa habari. Jovina alipiga magoti akamwamkia, akamweleza yote aliyoyaona. Baba alimsikiliza mpaka mwisho.

"Miti ile niliipanda kwa mikono yangu," akasema. "Nimemwahidi Ildefons. Mvua zikija, maji yatarudi. Siku zote yanarudi."

Ildefons ni mdogo wangu, anaishi Mwanza. Ahadi ile niliijua: miti ile ndiyo ingekuwa urithi wake.

"Nimesikia, Tata," Jovina alijibu, akaondoka. Njiani aliniambia, "Basi tuanze na ya kwetu." Nilidhani ni maneno tu.

Asubuhi nilimkuta bondeni anang'oa kabichi zangu.

"Si ungeniambia kwanza!"

"Nilikwambia jana. Hukusikia."

Zilikuwa hazijakomaa vizuri. Alizipakia kwenye kapu, akapita nyumba hadi nyumba akigawa mojamoja, na kila alipotoa kabichi alisema, "Jumamosi tunakutana bondeni. Njoo na jembe." Watu walicheka. Mimi nilikaa ndani siku nzima kwa aibu.

Jumamosi walikuja watu saba. Mmoja wao alikuwa Georgina, jirani yetu, mwenye shamba kubwa la nyanya kuliko wote bondeni. "Nimekuja kuhakikisha kama kweli umeng'oa kabichi za mumeo," alisema. Alisimama akatazama yale matuta matupu kwa muda mrefu, kisha akakunja kitenge chake, akaanza kuchimba nasi mashimo ya miche. Wiki mbili baadaye nyanya zake nazo hazikuwepo.

Tuliotesha miche nyuma ya nyumba ya Muharami: misambya, ile miti yetu ya asili, mikuyu na mianzi. Oktoba tulipanda miche mia sita kwenye kingo za kijito, tukaizungushia nyasi kavu, tukaona tumemaliza kazi.

Novemba, siku ya Jumanne mchana, ilinyesha mvua ambayo hadi leo watu wanaizungumzia. Maji yalishuka kutoka juu yakiwa mekundu kwa udongo, yakapita juu ya kila kitu. Yalipotulia tulishuka kutazama. Miche ilikuwa imelala kwenye tope, mingine imekwenda na maji, mingine imening'inia kwenye matete mizizi ikiwa juu. Georgina alikaa kwenye jiwe akalia kwa sauti, kama mtu aliyefiwa. Tulihesabu miche iliyosimama. Ilikuwa sabini na minne.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa watatu: Jovina, Muharami na mimi. Mimi nilikwenda kwa sababu nilimwona mke wangu akitoka peke yake na jembe begani, nikashindwa kukaa.

Nilitegemea atakuwa amevunjika moyo. Alikuwa amekasirika, tena amejikasirikia mwenyewe. "Tumeanza chini," alisema. "Maji yanatoka juu, sisi tunapanda chini! Ni akili gani hiyo?"

"Tuchimbe makinga maji mlimani kwanza," Muharami alisema. "Mitaro ya kukata mteremko. Mvua ikija isimame, izame ardhini. Miche baadaye."

"Mitaro mingapi?"

Muharami akautazama mlima. "Mingi."

Tulichimba. Sitaki kuipamba kazi ile. Udongo wa mlima wetu una mawe, na tulikuwa watu watatu. Jumamosi ya kwanza tulimaliza mtaro mmoja, tena haukuwa mrefu. Ya pili Georgina alirudi. Ya tatu walikuja wanakwaya wa kanisani. Krismasi ilipopita tulikuwa ishirini na zaidi, na wengine walikuwa wanatoka kitongoji cha ng'ambo ambako hatukumwalika mtu. Mvua kubwa ya mwanzo wa Januari ilipokuja tulitoka kwenda kuitazama. Mitaro ilijaa, ikashika. Bondeni maji yalipita kidogo, na hayakuwa mekundu. Georgina alinipiga begani mpaka nikayumba.

Lakini kule juu mikaratusi ilikuwa bado imesimama, na kila mtu aliiona. Watu walianza kunong'ona kwamba tunawang'olea wengine nyanya zao huku miti ya ukoo wetu haiguswi. Walikuwa na haki.

Februari, jua likiwa limerudi, Jovina alikwenda tena barazani kwa baba. Mara hii nilikwenda naye.

"Tata, sikuja kuomba miti," alisema. "Nimekuja kukuomba twende ukaione chemchemi."

"Niende kwa miguu ya nani?"

"Tutakubeba."

Baba alicheka. Alipoona hakuna anayecheka naye akanitazama mimi. "Na wewe Joackim umo?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kuchagua. "Nimo, baba," nikasema.

Tulifunga kiti chake kwenye miti miwili, tukakiinua watu wanne, mimi na Muharami mbele, na wanaume wawili wa kwaya nyuma. Njia nzima baba alitugombeza. Mara tunakwenda haraka, mara tunamtikisa, mara tunataka kumwangusha watu wamcheke. Tulipofika akanyamaza.

Tulimweka mbele ya lile jiwe. Muharami akatega ndoo. Maji yalidondoka. Watu waliotufuata walikaa chini. Dakika kumi na saba kusubiri ndoo moja, ukiwa umekaa na baba yako, ni muda mrefu sana.

Ilipojaa, baba aliomba anyweshwe. Jovina akamkingia maji kwa viganja vyake, akanywa.

"Hapa ndipo nilipojifunza kuogelea," baba alisema taratibu. "Yalikuwa yananifika kifuani. Mama alikuwa ananichapa kwa sababu ya hapa." Akaitazama mikaratusi, shina baada ya shina. "Niliipanda ili niwaachie kitu."

"Umetuachia, Tata," Jovina alisema. "Lakini wajukuu wako hawatakunywa nguzo."

Nilifumba macho. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kusema na baba hivyo. Lakini yeye alisema tu, "Nirudisheni nyumbani."

Siku ya nne aliniita akaniambia nimpigie simu Ildefons.

Ildefons alikuja na basi kutoka Mwanza, akaingia barazani hajapumzika wala kunywa maji. "Kumbe shemeji siku hizi ndiye serikali?"

"Kaa," baba alisema. "Miti ni yangu mpaka nife. Iliyo ndani ya mita sitini itakatwa. Nguzo chukua wewe, ujengee."

"Nguzo nitazipata mara moja! Mkaratusi ukiukata unachipua, unakua, unakata tena. Hawa wanataka kuviua visiki. Mimi nitabaki na nini? Joackim ana kibanja. Mimi nina nini hapa?"

Alichosema Ildefons kilikuwa kweli, na sisi sote tulikijua.

Jovina alikuwa amekaa kwenye mkeka karibu na mlango. "Shemeji," alisema, "chukua shamba langu la rweya."

Rweya ni zile mbuga za nyasi zilizo juu ya migomba, mbali na maji. Shamba lile alilifyeka mwenyewe, akalirutubisha kwa samadi aliyoibeba kichwani miaka kumi na mmoja, kutoka kwenye nyasi tupu hadi likatoa viazi vitamu. Lilikuwa kitu pekee pale kijijini kilichokuwa chake, si changu, si cha ukoo.

"Mama Dativa," nikaanza.

"Ni langu," akanikata. "Huko panda mikaratusi yako, Ildefons. Hakuna chemchemi utakayoimaliza."

Ildefons alimtazama kwa muda, nadhani akitafuta mtego. "Iandikwe," akasema. Mwenyekiti wa kitongoji akaitwa, ikaandikwa, tukatia sahihi. Hakutoa shukrani. Baba akapangusa macho kwa kiganja.

Kesho yake Jovina alikwenda kuvuna viazi vya mwisho. Nilimfuata, nikamkuta ameinama, machozi yanadondoka kwenye udongo huku mikono yake haijasimama.

"Jovina, kama unataka niongee naye..."

"Usinihurumie," alisema. "Shika jembe."

Mikaratusi ilikatwa kwa wiki mbili. Siku shina la kwanza lilipoanguka, baba alitaka abebwe tena, akakaa pale hadi jioni akituonyesha kila mti uangukie upande gani. Makinga maji tuliyavuta hadi kuzunguka chemchemi, tukapanda mikuyu na misambya mahali pa mikaratusi. Mkutano mkuu wa kijiji ukapitisha kwamba eneo lile ni la hifadhi, na kwamba atakayelima ukingoni atajibu mbele ya kijiji. Georgina ndiye aliyechaguliwa kusimamia, na hana huruma.

Agosti iliyofuata ndoo ilijaa kwa dakika kumi na moja. Agosti ya pili, dakika sita. Muharami anasema huenda tusifike tena mbili, au labda tutafika sisi tukiwa wazee. Lakini kijito hakijakauka tangu siku ile, na watoto wanachota bila kukwaruza tope.

Ildefons amejenga. Kwenye shamba la rweya ana mikaratusi inayomfika kiunoni. Akija likizo anatusalimia, anakunywa kahawa yetu, lakini kuhusu chemchemi haulizi, nasi hatumlazimishi.

Visiki navyo ni vikaidi. Kila mvua ikinyesha vinatoa machipukizi mapya, mekundu na laini, kama vile havikukatwa kabisa. Njia tuliyonayo ni kuyakata na kubandua magome kila yanapotokea, mpaka mizizi ichoke. Muharami alimwambia Jovina kwamba visiki vingine vinaweza kuchukua miaka mitano.

"Mitano si mingi," alijibu, akaenda kwenye kisiki kilichofuata.

Jumamosi hii zamu ni yetu, upande wa mashariki. Nimeshanoa mapanga mawili.