Kusafisha Uso wa Bibi Wilhelmina

Modesta alianza kujifunza kusafisha picha mwaka 1994, katika studio ya Mama Arjun, Kirumba. Negativu, ile filamu ambayo cheusi huonekana cheupe, huwekwa juu ya kioo chenye taa chini yake. Chunusi huonekana kama kitobo cheupe, nawe unakijaza kwa ncha ya penseli mpaka kilingane na ngozi inayokizunguka.

"Usikandamize," alisema Mama Arjun. "Unasafisha mtu, hupigi lipu ukuta."

Alichokitoa Modesta kwenye negativu kilitoka pia usoni kwa mwenyewe, mara nyingi kabla hajaja kuchukua picha. Mama Arjun alilichukulia kama suala la ubora. Revocatus, karani wa kiwanda cha minofu ya samaki, alirudi kulalamika kwamba vitundu vya kidevuni vimezibwa na ndevu hazioti tena. Mama Arjun alimkagua karibu na dirisha.

"Kweli, umezidisha," alimwambia Modesta. Kisha akamgeukia mteja. "Na wewe, baba, wembe umepanda bei. Shukuru."

Bibi Wilhelmina, mjane, alitoka upande wa Igoma. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu yeyote aliyepikia mabua ya pamba maisha yake yote katika nyumba isiyo na dirisha. Kikao cha ukoo kiliamua kwamba ni macho ya mchawi. Aliyepeleka hoja ni Nkwabi, mtoto wa shemeji yake, ambaye alikuwa amepata mtu wa kununua shamba la bibi huyo, kando ya barabara ya Musoma, ajenge kituo cha mafuta. Mjane mwingine wa huko, mwenye macho ya namna hiyo, alikuwa ameshauawa kwa mapanga.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nitolee huu wekundu, mjukuu wangu. Jumapili wanakaa tena."

Modesta akautoa. Jumapili kikao kilikuta macho meupe kabisa. Nkwabi akauliza bibi kizee ameyapata wapi macho ya mtoto, na wajumbe wakaona ni swali la msingi.

Bibi akarudi studio. Modesta akamtoa mikunjo, ili uso ulingane na macho. Kijana mmoja alimchumbia njiani. Nkwabi akauliza ujana huo ameula kwa nani.

"Safari hii hawakunipangia siku," alisema bibi. "Wananoa tu."

Mama Arjun aliweka kikombe chini. "Modesta, unasugua mahali pasipo na doa. Hao wanataka nini?"

"Shamba."

"Basi kampige picha shambani."

Modesta alimpiga bibi picha amesimama mbele ya nyumba yake, mihogo upande mmoja, pamba upande wa pili. Aliporudi mezani alianza na uso: akaurudisha wekundu na mikunjo kwa ncha ya wembe, kwa kuwa bibi alisema amechoka kuchumbiwa. Kisha akapaka rangi nzito isiyopitisha mwanga juu ya kila kitu kilichokuwa nyuma yake. Picha ilitoka na bibi peke yake juu ya weupe, kama ya pasipoti.

Asubuhi shamba halikuwepo. Mahindi ya jirani mmoja yalifuatwa moja kwa moja na viazi vya Bibi Tereza, jirani wa pili. Mnunuzi alipima kwa hatua, akarudi mjini. Kikao kilimwona Bibi Wilhelmina hana kosa. Nkwabi mwenyewe ndiye aliyembebea mzigo mpaka Kirumba.

"Utusamehe, mama mkubwa. Yalikuwa maneno ya watu."

"Nyumba yangu umeiona?"

"Hapana, mama mkubwa."

Mama Arjun alimpa bibi chumba cha nyuma, kilichokuwa kinanuka dawa za filamu. Macho yake mekundu hayakujadiliwa tena na mtu yeyote.

Kikao kilichofuata kilimjadili Bibi Tereza. Macho yake ni meupe na hayajawahi kumuuma, lakini ilielezwa kwamba anatembea upesi mno kwa umri wake. Mnunuzi alikuwa ameshaviona viazi vyake.

Jumatatu Bibi Tereza aliingia studio, akajifuta vumbi usoni kwa khanga, akakaa kwenye kiti cha wateja na kunyoosha shingo. Modesta hakuwasha taa. Alichukua chupa ya ile rangi nzito, akaitikisa karibu na sikio kujua imebaki kiasi gani.

"Shikamoo, bibi. Shamba lako ni ekari ngapi?"