Mama Evod Amelala Juu ya Maji

Masika yalikuwa yanaelekea kuisha Paulina aliporudi Ifakara kutoka chuoni Morogoro. Ajira hakuwa nayo, lakini alikuwa na simu nzuri na jicho la rangi, na kwa vitu hivyo viwili alitengeneza matangazo ya mtandaoni. Alikuwa ameshawatengenezea wenye saluni na fundi mmoja wa milango ya chuma. Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia mitaa ya Lumemo, alikaa barazani kwa mama yake akisogeza herufi kwa kidole, huku majogoo wakisikika kwa mbali kama wanawika chini ya maji.

Jirani yao alikuwa Dorotea, mjane aliyesuka mikeka ya ukindu. Mtaani walimwita Mama Evod, kwa jina la mwanawe wa pekee aliyefanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Kidatu. Tangu mikeka ya plastiki ijae sokoni, ya kwake ilikuwa inarundikana ndani mpaka karibu na paa, na nyumba nzima ilinukia majani makavu. Siku moja akaja kwa Paulina. Alisema amesikia kuna picha zinazoweza kumtoa mtu kwake na kumfikisha kwenye duka asilolijua. Basi na yeye atengenezewe moja. Simu yake ilikuwa ya kubonyeza, hivyo asingeiona hiyo picha. Alichotaka ni watu waje.

Tangazo la kwanza Paulina alilijaza kila kitu. Aliweka nyekundu na njano, nyota kubwa yenye neno OFA, na mkeka umeegemezwa ukutani kama mtu anayesubiri kuhojiwa. Alilituma kwenye makundi yote aliyokuwamo. Rafiki zake wa chuo walilipenda kwa huruma, na mtu mmoja tu akauliza kama wanayo na ya plastiki. Jioni alilitazama tena akaona kosa lake. Tangazo lilikuwa linapiga kelele, na mkeka ni kitu cha kulalia.

Wiki iliyofuata Dorotea alikwenda Lupiro, ng'ambo ya mto, kukata ukindu, na Paulina akaomba kumfuata. Walikata tangu asubuhi. Jua lilipokuwa kali wakakaa kwenye kivuli, juu ya tuta kati ya majaruba ya mpunga, Dorotea akatandika mkeka alioufungia mzigo wake, akasema anajinyoosha mgongo tu. Punde si punde usingizi ukamchukua.

Paulina akabaki macho peke yake. Maji ya majaruba yalikuwa yametulia kabisa, na mawingu yote yalikuwa yameshuka humo. Milima ya Udzungwa nayo ilikuwa imelala ndani ya maji, kichwa chini. Akasimama, akarudi nyuma hatua chache, na kutoka pale tuta walilokaa halikuonekana tena. Mkeka ulikuwa unaelea angani. Mistari yake ya zambarau na kijani ilikuwa imezungukwa na mawingu, na juu yake mwanamke amelala ubavu, kiganja chini ya shavu, uso umelegea kama wa mtoto. Korongo mweupe akapita juu na chini kwa wakati mmoja. Paulina akapiga picha. Hakuwaza kuomba ruhusa. Ilikuwa kama kuokota kitu kilichoanguka kutoka mawinguni.

Nyumbani hakuongeza rangi yoyote. Juu ya picha, kwa herufi nyeupe nyembamba, aliandika neno moja: Pumzika. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, akaweka jina la Mama Evod, mtaa na namba ya simu.

Picha ilikwenda kama maji yaliyopata mfereji. Watu wa Mahenge waliituma kwa ndugu zao Dar es Salaam, na wa Dar wakairudisha Ifakara bila kujua imetokea huko huko. Wengine waliandika kuwa wameitazama mpaka wakasinzia. Simu ya Paulina ikawa haitulii, na mikeka ikaanza kutoka.

Kisha watu wenyewe wakaanza kuja. Muuguzi aliyetoka zamu alifika kununua, akauliza kama anaweza kuujaribu mkeka, akalala barazani mpaka alasiri. Dereva wa lori la mchele akafanya vivyo hivyo. Ikawa ukipita kwa Dorotea mchana unakuta viatu vimepangwa mlangoni na watu wamekaa au wamejilaza kimya, kila mmoja na mkeka wake, na mwenye nyumba anapita katikati yao kwa nyayo nyepesi asije akawaamsha. Dorotea alishangaa, lakini alifurahi. Walipomsifia picha alidhani wanausifia mkeka. Paulina alikusudia kumweleza, lakini kila siku akaahirisha mpaka kesho.

Alhamisi moja mchana Evod aliingia uani mbio, na nguo za kazi, hata buti hajavua. Paulina alikuwa barazani akifunga mizigo ya wateja. Alimwona kijana yule akiwatazama watu waliokaa kwenye mikeka, akavitazama viatu vilivyopangwa mlangoni, kisha akashika nguzo ya baraza na kuteremka nayo polepole mpaka chini.

"Wamemzika?" akauliza kwa sauti ndogo. "Wamemzika bila mimi?"

Hakuna aliyemwelewa. Wakati huo huo Dorotea akatokea nyuma ya nyumba na sufuria ya rangi ikifuka mvuke, mikono zambarau mpaka viwiko. Akamkuta mwanawe chini, analia. Aliweka sufuria, akamwinua, na Evod akamshika mabega, akamshika uso, kama mtu anayepapasa gizani.

Maelezo yakaja kidogo kidogo. Mfanyakazi mwenzake alikuwa amemwonyesha picha kwenye simu, akampa pole. Ilikuwa imeshakatwa chini na watu walioisambaza, bila namba wala habari ya mikeka. Ilibaki sura ya mama yake, amefumba macho, amelazwa kwenye mkeka katikati ya mawingu, na juu yake neno lile Pumzika. Mtu angeisoma vipi tena? Alipiga simu ya mama yake, ikawa haipatikani, kwa sababu ilikuwa imeisha chaji tangu asubuhi. Akapanda gari la kwanza aliloliona.

Wateja walivaa viatu vyao mmoja mmoja, wakaondoka wakijikunyata. Paulina alitamani ardhi immeze. Alipiga magoti mbele ya Dorotea akasema picha ni yake, na neno pia ni lake, na kwamba alikusudia usingizi tu, si kifo.

"Nionyeshe," Dorotea akasema.

Akafuta mikono kwenye kanga, akaipokea simu, akaiinamia kwa muda mrefu. Walisubiri akasirike. Akagusagusa kioo kwa kidole na picha ikakua, uso wake ukajaa pale.

"Sikujua," akasema mwishowe. "Nikilala nafanana na mama yangu."

Akawaambia kuwa siku ile Lupiro alikuwa ameota. Marehemu mumewe alikuwa anamvusha kwa mtumbwi, mto umefurika mpaka hauna kingo, na wote wawili hawakuwa na haraka ya kufika. Hakumwambia mtu ndoto hiyo. Kumbe wakati anaiota alikuwa anatazamwa, na baadaye nchi nzima ikaja kumtazama, na yeye bado yumo ndani ya mtumbwi.

"Itoe, mwanangu," akamwambia Paulina. Sauti yake haikuwa na ukali. "Najua imeleta watu. Itoe tu."

Paulina akaitoa pale pale, mbele yao. Akaandika kwamba mwenye sura ile ni mzima, anasuka, na hakuwa ameombwa ruhusa. Wengi waliomba radhi, wengine walilalamika. Na kwa kuwa kitu kilichokwisha kusambaa hakikusanyiki chote, mpaka leo picha ile huibuka mahali fulani, na Paulina huandika maneno yale yale chini yake. Evod alilala kwa mama yake siku ile, na asubuhi kabla ya kurudi kazini alimwachia simu yake inayoonyesha picha.

Tangazo jipya walilitengeneza pamoja. Dorotea alikaa karibu na Paulina akakataa mengi: alikataa nyota, alikataa herufi za kupinda, akakataa hata ua. Alichagua picha ya mikono yake tu, ikisuka ndani ya mvuke wa sufuria ya rangi, hivi kwamba hujui ukindu unaanzia wapi na vidole vinaishia wapi. Maneno aliyasema mwenyewe, Paulina akayaandika: Mikeka ya Dorotea, Lumemo. Karibu uone inavyosukwa.

Picha hii haikusambaa kama ile ya usingizi. Baraza likawa kimya tena, na wiki ikaweza kupita bila mgeni. Lakini nyumba moja ya wageni kule Mang'ula iliagiza mikeka ya vyumba vyote, na waliokuja sasa walikuja wakijua wanataka nini. Fundi wa milango alipomtaka Paulina amtengenezee tangazo lingine lenye mke wake amesimama mlangoni, Paulina alikwenda kwanza kuzungumza na huyo mke.

Katikati ya kiangazi akafika mwanamke aitwaye Brigitha, kutoka Namawala, amebeba mkungu wa ndizi. Alisema aliiona ile picha ya mikono kwa jirani yake, na mikono yake mwenyewe ikaanza kuwasha. Bibi yake alikuwa amemfundisha kusuka alipokuwa mdogo, kisha akaacha, na sasa hakukumbuka jinsi ya kuanza. Dorotea hakumuuliza mengi. Alisogea upande mmoja wa mkeka, akampa ukindu uliolowekwa, akaanza naye taratibu, jani juu, jani chini.

Paulina alikuwa karibu na simu yake mkononi. Aliinua macho kumtazama Dorotea, na Dorotea akatikisa kichwa: bado. Basi akaiweka simu chini, akasogea, na yeye akapewa majani yake.