Duara la Maili Kumi na Mbili

Pale ofisi ya ramani za bahari walimwita Binti Rula, maana hata mkate aliukata kwa mstari ulionyooka. Kazi alitafutiwa na mjomba wake, mkuu wa ofisi, na mjomba hakumpa nafasi ya kusahau.

Asubuhi hiyo mjomba aliingia chumba cha kuchorea, akatandaza ramani, akagonga kidole kwenye kisiwa kipya. Kisiwa, eti! Miaka miwili nyuma Binti Rula mwenyewe ndiye aliyeupima mwamba ulio chini yake, na maji yakijaa ulizama mita mbili nzima. Baadaye ndipo zikaja meli za mchanga na zege.

"Kizungushie maili kumi na mbili, mwanangu. Wakubwa wanataka pawe bahari yetu, meli za jirani zisisogee."

"Mjomba, kisiwa cha kujengwa hakina bahari yake. Mkataba wa sheria ya bahari tumeusaini wenyewe. Kinapata mita mia tano za usalama, basi."

"Huo mkataba ndio utakulisha? Kesho nikute duara, la sivyo nikute meza tupu."

Hasira ilimzidi woga. Kutochora uongo alifundishwa na nani, kama si huyu huyu?

Ramani ikibadilika, ofisi hutuma tangazo kwa mabaharia wa dunia nzima, na wiki hiyo zamu ilikuwa yake. Akaandika: kisiwa cha kujengwa juu ya mwamba unaozama, eneo la usalama mita mia tano. Akatia jina lake kamili, akatuma kabla chai haijapoa.

Mjomba alipoona nakala alikuja mbio, miwani mkononi.

"Umeniua! Lifute!"

"Tangazo halifutwi, Mjomba, unajua vizuri. Linabatilishwa kwa tangazo jingine, lenye sababu na saini ya mkuu." Akamsogezea fomu. "Andika kwamba mwamba ulikuwa kisiwa tangu zamani. Vipimo vyangu viko kabatini, na uliviidhinisha wewe."

Mjomba alijaza tarehe. Alipofika penye sababu, kalamu ikagoma. Akaisukuma fomu pembeni.

"Nitakufukuza," alisema mwishowe, bila kumtazama.

Binti Rula alikuwa ameshaanza kukusanya penseli zake.

"Nifukuze. Ila hata barua ya kufukuza mtu ina mahali pa sababu, Mjomba. Hapo napo utaandika nini?"