Filimbi Moja kwa Siku Mbili

Keki ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye ajenda. Tulikuwa tumezunguka meza ya ofisi ya elimu, chini ya feni iliyokuwa inazunguka kwa kujilazimisha, na yule dada mratibu, ambaye kimoyomoyo nilikuwa nimeshampa jina la Bi Ratiba, alikuwa anauliza kama keki yenye umbo la mpira ingependeza kuliko yenye umbo la bembea.

"Keki ya nani?" nikauliza.

"Ya siku yenyewe, mama. Ya hii tarehe yetu."

"Tarehe yetu haijawahi kuwa na keki."

Akarudi kwenye karatasi zake. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgeni kazini, mtu wa kalamu za rangi tofauti, na hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba mimi na fundi wa kuchomelea aliyekaa kando yangu hatukuja pale kama wapenzi wa michezo. Tulikuwa wazazi. Tarehe ile ilikuwa ya kwetu kabla dunia haijaigundua.

Tarehe hiyo, miaka mingi kabla ya kikao hicho, ukuta wa darasa uliwaangukia watoto mvua ikinyesha. Binti yangu alikuwa ndani. Fundi alikuwa na wawili ndani, wa tumbo moja na siku moja, akatoka mmoja. Watu waliendelea kumwita Baba Pacha, naye aliendelea kuitika. Niliwahi kumuuliza kama jina hilo halimuumi.

"Wakilibadilisha ndipo litaniuma," akasema, akashusha miwani yake ya kazi na kuendelea kuchomelea geti la mtu.

Serikali ilitangaza tarehe ile kuwa Siku ya Taifa ya Kuwakumbuka Watoto. Mwaka wa kwanza nchi nzima ilisimama. Bendera zilishushwa nusu mlingoti, redio zilipiga muziki wa taratibu, na wakubwa walitushika mikono kwa mikono yao miwili. Mwaka uliofuata walituma wadogo wao wa kazini. Baada ya hapo wadogo wakatuma salamu. Viti vilipungua, na sisi wazazi tukapungua pia: wengine walihama, wengine walizaa tena na hawakuwa na wa kumwachia mtoto, na mama mmoja aliniambia wazi kwamba amechoka kulia kwa ratiba. Sikumlaumu. Mume wangu mwenyewe aliacha kuja. Siku hiyo ikifika alibaki nyumbani akifyeka majani ambayo hayajaota.

Kisha dunia nayo ikaitaka tarehe. Ikatangazwa kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza, watoto wote wa ulimwengu watoke nje wafurahi. Nilipochunguza nikakuta hata sisi hatukuwa peke yetu tangu mwanzo. Mahali fulani ilikuwa siku ya uhuru, kwingine siku ya mti, kwingine siku ya ugonjwa ambao siwezi kuutamka. Tarehe moja, kumbe, ni kama nyumba ya kupanga: unasikia majirani wanacheka ukutani wakati wewe una msiba chumbani, na huna haki ya kugonga, maana nao wamelipa kodi.

Lakini majirani ni majirani. Walichokuwa wanataka pale ofisini ni kuhamia chumbani kwetu.

"Uwanja ni mmoja, maturubai ni yaleyale, bajeti ni ileile," alisema afisa michezo, kijana mwenye miguu mirefu ambaye magoti yake yalikuwa yanaisukuma meza. "Tukiunganisha, kila upande unafaidika. Na mama, samahani nikisema hivi, hata wale walikuwa watoto. Wangefurahi kuona wenzao wanacheza."

Nadhani alitarajia nilie. Watu hutarajia hivyo.

"Wangu hakupenda kucheza," nikasema.

"Kila mtoto anapenda kucheza, mama."

"Wangu ulikuwa ukimpa mpira anakuuliza auweke wapi."

Baba Pacha akacheka, peke yake, kicheko cha puani. Alimfahamu binti yangu. Tulimwita Bikizee, kwa sababu alizaliwa na tabia za mtu aliyestaafu. Mimi ni mtu wa stoo. Nilisomea ugavi, nikapata diploma, na tangu hapo nagawa mashuka, glovu na sabuni hospitalini. Shule zikifungwa Bikizee alikuwa anakuja na mimi kazini, anakaa juu ya boksi, anakunja foronya pembe kwa pembe na kuwauliza manesi mgongo umeamkaje. Wenzake wakimwita nje alijibu kwamba jua ni kali. Alikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ni kwamba ukiniuliza kitu kiko wapi, nakujibu. Sijazoea kupoteza kitu nisijue kilikokwenda.

Basi wakiniambia siku ile ya michezo ni zawadi kwake, hapana. Wangetangaza Siku ya Kimataifa ya Kukaa Kivulini na Kuuliza Watu Habari, ningekata keki mwenyewe.

Tulibishana mpaka chai ikaja na kuondoka. Tuliomba sherehe isogezwe mbele siku moja. Tukaambiwa tarehe za kimataifa hazisogezwi. Tuliomba yetu ifanyike asubuhi peke yake. Tukaambiwa mgeni rasmi hawezi kuja mara mbili. Mwisho tulibakiwa na dakika moja. Dakika ya kimya, halafu michezo. Na hata hiyo niliijua tabia yake. Mwaka baada ya mwaka ilikuwa inarudi fupi, kama nguo inayofuliwa kwa maji ya moto. Mshereheshaji alikuwa anasema tusimame, anavuta pumzi, anasema tukae.

"Kuna tatizo la spika," Bi Ratiba alisema. "Huko mwisho wa uwanja hawasikii. Sasa watoto watajuaje kimya kimeisha?"

"Filimbi," afisa michezo akajibu. "Filimbi inafika. Tena moja inatosha. Ikilia, kimya kimeisha na michezo imeanza. Tunaokoa muda."

Bi Ratiba akaandika kwa kalamu ya kijani. Filimbi moja, mambo mawili.

"Nani ataipuliza?" akauliza.

"Nipeni mimi," nikasema.

Wakatazamana. Afisa michezo akatabasamu kwa adabu. "Mama, una saa yenye sekunde? Utajuaje dakika imeisha?"

"Nitajua."

Nje, kwenye ngazi, Baba Pacha alinishika kiwiko. Si mtu wa kushika watu. "Dada," akasema, "usiipulize haraka."

"Sina mpango huo."

"Waache wasimame. Wote. Mpaka wachoke. Wasimame mpaka wajiulize wamesimamia nini."

Nikamwambia sawa. Nilimaanisha.

Siku yenyewe jua lilitoka mapema. Bango lilikuwa kubwa kuliko lango la uwanja: juu, kwa herufi za rangi zote, Siku ya Kimataifa ya Kucheza, chini, kwa nyeusi, siku yetu, nusu yake imefichwa na kamba ya turubai. Mwaka uliofuata bango lilikuwa na jina moja, na sihitaji kuwaambia lipi. Watoto wa shule zote za mji walipangwa kwa mistari, fulana za manjano, mipira mbele yao kwenye nyavu kama matunda ya duka. Wazazi tulikuwa mstari mmoja wa viti, tena haukujaa. Mgeni rasmi alizungumza juu ya afya ya mtoto, akazungumza juu ya afya ya taifa, akaketi. Mshereheshaji akatuomba tusimame. Nikapanda jukwaani na filimbi mkononi.

Hapakuwa na ugumu wowote mwanzoni. Walinyamaza wote kwa mpigo, kama redio iliyokatiwa umeme. Nikaiweka filimbi mdomoni, nikaishika kwa meno, nikapumua kwa pua.

Mchana ule wa ukuta, tulipokimbilia shuleni, askari walituzuia nje ya geti. Mwalimu mmoja alipanda juu ya kiti, akawa anasoma majina ya waliotolewa wazima. Tulikuwa umati, tumelowa, na tulinyamaza hata vichanga vya mgongoni vikanyamaza, kila mmoja anaogopa jina litapita asilisikie. Tangu hapo nimesimama kwenye vimya vingi, makaburini, mikutanoni, vimya vya heshima ambavyo watu wanatazama viatu. Kile cha getini sikukipata tena. Kilikuwa kimya cha watu ambao bado wana watoto.

Na pale jukwaani kikarudi. Sijui kilitoka wapi. Kimya cha heshima kiliisha, kikapita, watu wazima wakaanza kukohoa na kunitazama, mshereheshaji akainua mkono kidogo na kuushusha, na chini ya hayo yote kikafunguka kile kingine. Nilikuwa nimesimama kwenye mvua. Majina yalikuwa bado yanasomwa. Mwalimu alikuwa hajafika kwenye herufi yetu. Kama sitapuliza, nilielewa, hafiki. Bikizee hayumo kwenye waliotajwa na hayumo kwenye wasiotajwa. Yuko ndani anakunja kitu.

Nilimwona Bi Ratiba akiangalia saa, kisha akaacha. Nilimwona Baba Pacha, ameinua kidevu, amefumba macho, na mwanawe aliyebaki, ambaye sasa alikuwa amemzidi kimo, amesimama nyuma yake. Ningeweza kukaa hapo mpaka jioni. Nasema kweli. Pumzi nilikuwa nayo.

Kwenye mstari wa pili kulikuwa na kitoto cha kike, kidogo kabisa, cha darasa la kwanza pengine. Hakikufanana na wangu hata chembe. Kilikuwa kimepishanisha miguu na kukamata fulana yake kwa ngumi mbili hapo tumboni, na uso umekunjamana. Kilikuwa kimebanwa na mkojo. Mwalimu wake alikuwa hatua chache tu kutoka pale, na vyoo vilikuwa nyuma ya turubai, lakini kiliambiwa kisitikisike mpaka filimbi ilie, na hakikutikisika. Midomo ilikuwa inatetemeka, miguu haikuondoka kwenye mstari wa chokaa.

Wetu nao walitii. Mvua ilikuwa kubwa, wakaambiwa mtu asitoke, hawakutoka. Bikizee hasa asingetoka. Alikuwa mtoto wa kuambiwa mara moja.

Nikapuliza.

Sijawahi kusikia kelele kama ile. Mistari ilivunjika, nyavu zikafunguliwa, uwanja mzima ukawa manjano inayochemka, na muziki ukawashwa kabla sijashuka ngazi. Mtu alinipongeza. Afisa michezo akaichukua filimbi mkononi mwangu taratibu, akaifuta kwenye suruali yake na kwenda nayo kwenye mashindano ya gunia. Nikatembea mpaka kwenye viti vyetu na kuketi.

Baba Pacha hakunitazama. Alikuwa ameweka mikono juu ya mapaja, ile mikono yenye madoa ya cheche, kama vitu vya mtu mwingine alivyoombwa kushika.

"Ulikuwa unaiweza ile dakika," akasema.

"Nilikuwa naiweza."

"Nilikuwa namwona wangu, dada. Nilikuwa namwona kabisa, anakuja na daftari kichwani. Kwa nini umepuliza?"

Nikaelekeza kidole pale mistari ilipokuwa.

"Kulikuwa na mtoto amebanwa na mkojo," nikasema.

Akageuka akanitazama, na nikajua kwamba akinilaumu nitanyamaza, maana ana haki. Mpira ulipita mbele yetu, mtoto akaufuata, na wawili wakamfuata huyo. Uso wa Baba Pacha ukalegea kidogo kidogo, kama wa mtu anayeshusha mzigo kichwani bila msaidizi.

"Aliwahi?" akauliza.

Sikuwa nimeona. Nilipopuliza tu, fulana za manjano zilimfunika, na nilimtafuta kwa macho njia nzima ya kurudi kwenye kiti.

"Aliwahi," nikamwambia.