Mizunguko Mitano ya Mkataji

Mkataji wa karakana ya sare alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na tisa, na tangu utotoni hakuwahi kushindana mbio na mtu. Ndiyo maana aliposema anamaliza kilomita tano kwa dakika kumi na nane, cherehani zote zilinyamaza.

"Wewe?" mpiga pasi alishangaa. "Mimi nafanya mazoezi mwaka mzima, na bado natumia ishirini na saba."

"Miguu haina maneno mengi, dada."

Karakana ilipewa nafasi moja tu ya mwanamke kwenye mashindano ya mbio za kilomita tano. Mpiga pasi akampisha. Tangu siku hiyo mkataji akaitwa Swala, na jina likamkaa sawasawa.

Wiki tatu baadaye, mbio zikiwa zimekaribia, mpiga pasi alimsindikiza kuijaribu barabara yenyewe, iliyokwisha kuwekewa alama za kilomita. Swala akachomoka. Kwenye alama ya pili akatazama saa: dakika kumi na nne. Kabla ya alama ya tatu alikuwa ameketi ukingoni, mkono ubavuni.

"Pole. Mwili nao una siku zake," mpiga pasi alimwambia.

Nyumbani alifungua daftari lake la vipimo. Uwanja aliofanyia mazoezi aliupima kwa hatua, mita mia tano kila mzunguko, akaandika humo. Lakini kwenye daftari la mkataji kiuno cha themanini huandikwa arobaini, maana kitambaa hukatwa kikiwa kimekunjwa mara mbili. Kila alipoisoma ile mia tano, kichwa kilijibu elfu moja. Mizunguko yake mitano ilikuwa kilomita mbili na nusu, basi.

"Singizia goti," mumewe alimshauri. "Goti halina shahidi."

Asubuhi akaingia karakanani akichechemea. Mpiga pasi alipomwona tu akavuta kiti, akapasha kitambaa moto, akapiga magoti amkande.

"Acha," mkataji alisema. "Goti ni zima. Nilikosea hesabu." Akaeleza yote, macho sakafuni. Mshona vifungo alicheka hadi kopo likamponyoka, vifungo vikatawanyika. Mpiga pasi hakucheka.

"Wiki tatu sijakimbia, kwa ajili yako."

"Najua."

"Na huku kuchechemea? Nako ulikosea hesabu?"

Mkataji alihisi masikio yanawaka. 

Mpiga pasi akakikunja kitambaa polepole. "Nafasi naichukua. Kesho saa kumi na mbili asubuhi uje barabarani. Utanisindikiza hizo mbili na nusu zako, kisha utakaa unisubiri nimalize."

"Nitakuja."

"Usije ukichechemea."

Cherehani zikaanza tena, moja baada ya nyingine. Mkataji akapiga magoti chini ya meza, akaanza kuokota vifungo ambavyo hakuna aliyemwambia aviokote.